Vipara vya Milima ya Ziwa Tanganyika

Msafiri aondokaye Kigoma kwa mashua na kufuata ufuko kuelekea kaskazini, akapita Gombe na kuukaribia mpaka wa Burundi, huiona nchi imepangwa tabaka juu ya tabaka kama khanga zilizokunjwa sandukuni. Chini kabisa, penye mchanga na vijiji vya wavuvi, ipo michikichi, miembe na mihogo. Katika mabonde yateremkayo pamoja na vijito, msitu ni mzito na wa kijani mwaka mzima. Migongoni, kati ya bonde na bonde, imetawanyika miti ya miombo. Kisha juu, zaidi ya nusu ya njia kutoka ziwani lililo mita 770 hivi hadi vilele vyenye mita 1,500 na zaidi, miti huanza kukoma, na migongo ya milima hubaki imevaa majani tu: ya kijani mwezi wa Januari, ya rangi ya simba mwezi wa Julai, na mwezi wa Septemba aghalabu hayapo, pamebaki jivu. Naviita vipara, maana ndivyo vionekanavyo kwa mtu aliye majini.

Swali la makala haya ni jepesi kulitamka: majani hayo yalifikaje huko juu? Mtu aweza kudhani kuwa hilo ni swali la mabwana miti peke yao. Lakini kila serikali iliyopata kuitawala Kigoma, ya Mdachi, ya Mbelgiji, ya Mwingereza na hii yetu wenyewe, haikuweza kuitawala ardhi bila ya kuwa na jibu fulani juu ya swali hilo. Na kwa nguvu ya majibu hayo watu wamehamishwa, moto umepigwa marufuku na miti imepandwa. Jibu lililozoeleka maofisini ni kwamba hapo kale milima yote ilikuwa msitu, akaja mwananchi na shoka na kijinga cha moto, akaufyeka, na majani ni kovu la jeraha hilo. Jibu la pili, wanalolipenda zaidi wapenda wanyama waliotoka mbali, ni kwamba milima ile haijaguswa na mkono wa binadamu tangu kuumbwa kwake. Majibu haya yaonekana kupingana, ilhali mama yao ni mmoja. Yote mawili yanamtoa Mha, Mtongwe na Mvinza katika historia ya nchi yake: la kwanza likimfanya mharibifu, la pili likisema hakuwapo.

Lugha yetu nayo haikosi lawama. Kiswahili kilizaliwa pwani, na macho yake ya kwanza yalitazama bahari. Neno nyika ni neno la mtu aliyeipa bara mgongo. Watu wa miji ya pwani waliwaita jirani zao Wanyika, kana kwamba kukaa mbali na bahari ni kukaa pasipo kitu. Sisi watunga mashairi tumeurithi mwelekeo huo. Mpenzi akitukimbia twasema ametuacha nyikani. Na sisi watumishi wa serikali tuna maradhi yanayofanana nao: penye majani kwenye ramani twaandika "wazi", na palipo wazi twatafuta cha kupaweka.

Tuanze basi mbali, kabla ya shoka. Milima ya Buha ni mkia wa nyanda za juu za Burundi, na mpaka uliopita kati yake ni kazi ya Wazungu. Huko Burundi katika kinamasi cha Kashiru, kilicho juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, wataalamu walichimba matope wakachunguza chavua zilizozikwa humo tangu zama za zama. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1988 na Raymonde Bonnefille na mwenzake yanarudi nyuma miaka ipatayo 40,000. Yaonyesha kwamba dunia ilipokuwa katika baridi kuu, joto la milima hiyo lilipungua kwa kadiri ya digrii 4 kuliko la siku hizi, na nchi ikatawaliwa na majani, miti ikawa michache. Msitu ulitanda baadaye, joto na mvua viliporejea. Kisha ukarudi nyuma tena katika zama za karibu. Basi majani hayakuja nyuma ya binadamu kama mbwa nyuma ya mwindaji. Yeye alipoanza kulima aliyakuta, na msitu aliukuta, na viwili hivyo vilikwisha kupokezana milima hiyo mara nyingi bila ya kumngoja.

Ushahidi mwingine uko chini ya nyayo. Katika mbuga za Zambia, Angola, Kongo na hata kwetu, ipo mimea ambayo mpita njia huiona kama vijiti vya shibiri moja, kumbe ni mti mzima uliojizika: shina na matawi yake yamo ardhini, na kinachochomoza ni ncha tu. Mmojawapo ni ndugu wa mbura, ule mti mkubwa wa miombo ambao matunda yake huokotwa na watoto. Mwaka 1976 Frank White aliandika juu ya mimea ya namna hii na kuiita misitu ya chini ya ardhi. Uchunguzi wa vinasaba uliofanywa baada yake umeonyesha kwamba mimea hiyo ilianza kuachana na ndugu zake warefu mamilioni ya miaka iliyopita, na watafiti wake wanaona kwamba iliyoisukuma ijifiche ni moto, uliopita juu yake mwaka baada ya mwaka. Moto huo uliwashwa na radi. Hapakuwa na Mha wala kijinga.

Wahenga husema moto huzaa jivu. Katika vilele hivi moto huzaa majani, na inafaa kueleza namna gani. Jicho la unyasi, yaani pale unapochipulia, liko usawa wa udongo au chini yake. Jicho la mche wa mti liko juu, hewani. Moto ukipita, wa kwanza hupoteza nguo na wa pili hupoteza kichwa. Wiki chache baadaye, hata kabla mvua haijanyesha, majani huchipua, na pamoja nayo maua ya vitunguu-pori na jamaa zao, ambayo chakula chake kilikuwa kimewekwa akiba ardhini. Lakini moto una umri. Unaowashwa mwezi wa Mei au Juni, majani yakiwa bado na unyevu, hutambaa pole pole, ukaacha mabaka na kufa wenyewe jioni umande ushukapo. Unaowashwa Septemba, upepo ukiwa mkali na kila kitu kikiwa kikavu, hupanda mlima kama askari na kuumega msitu pembezoni mwa bonde. Mwenyeji huzijua tofauti hizo. Sheria nyingi zilizoandikwa juu ya moto hazikuzijua.

Juu ya milima hiyo Waha walijenga falme zao: Heru, Muhambwe, Buyungu, Luguru na nyinginezo, kila moja na mwami wake na watware waliomtumikia. Kando ya mamlaka hayo walikuwapo wateko, wazee wa ardhi, waliokuwa na madaraka ya ibada juu ya udongo na wakazi wake. Nguzo ya heshima ilikuwa ng'ombe mwenye pembe ndefu. Kwa mapatano ya ubugabire mwenye mifugo alimkabidhi mwenzake ng'ombe, na mwenzake akamrudishia utumishi na utii. Hivyo mtu aliyeishi kando ya malisho alifungwa na watu kwa kamba ambayo mwisho wake ni mdomo wa ng'ombe. Nyumba yenyewe, msonge, ilikuwa majani toka kileleni hadi karibu na ardhi. Mtu alizaliwa chini ya majani, akala maziwa yaliyotoka katika majani, akalala juu ya majani. Nchi ya namna hiyo kuiita tupu ni kutojua kusoma.

Tena watu hao hawakukaa mlimani peke yake. Penye makutano ya mito Ruchugi na Malagarasi, huko Uvinza, ziko chemchemi za maji ya chumvi. Uchimbaji wa mambo ya kale uliofanywa na J.E.G. Sutton na Andrew Roberts mwaka 1967 ulionyesha kwamba chumvi ilichemshwa hapo tangu karne ya 5 au ya 6. Katika karne ya 19 watu walimiminika Uvinza kila kiangazi, wakalipa ushuru kwa watemi wa Wavinza, wakapika chumvi katika vyungu, na chumvi hiyo ikasafiri mbali kuzunguka ziwa na hadi Unyamwezi. Hesabu zinazoandikwa juu ya biashara hiyo huhesabu chumvi. Kuni hazihesabiwi, lakini maji hayo hayakaushwi na jua pekee, na miaka elfu moja na zaidi ya vyungu motoni si jambo dogo kwa miti ya jirani. Na kiangazi hichohicho ambacho njia za Uvinza zilijaa watu ndicho kiangazi cha moto. Sidhani ni kubahatisha nikisema kwamba njia hizo zilikuwa pia njia za moto: wa kupikia, wa kufukuza simba, wa kusafisha mahali pa kulala.

Richard Burton na John Speke waliliona ziwa tarehe 13 Februari 1858, wakiongozwa na watu wa njia hiyo, akiwamo Sidi Mubarak Bombay, ambaye macho yake siku hiyo yalikuwa mazima kuliko ya mabwana wote wawili. Walifika kwa masika na kuingia Ujiji, mji ambao uhai wake ulitoka ziwani, Uvinza na milimani kwa pamoja. Mwaka 1871 Henry Stanley, alipokuwa akimtafuta Livingstone, alipita katika Buha yenyewe, na kitabu chake kimejaa manung'uniko juu ya hongo aliyotozwa, hata akaamua kuwakwepa watawala kwa kutoroka usiku. Msomaji na azingatie: mtu hatorokei usiku katika nchi isiyo na wenyewe. Nyasi zile zilikuwa na mlinzi kila hatua.

Miaka ishirini baadaye mambo yalipinduka. Sotoka iliingia Afrika ya Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kuwaua ng'ombe kwa malaki. Ndui na funza vikafuata. Mdachi aliweka kituo chake Ujiji mwaka 1896, akiwakuta watu ambao tayari walikuwa wamepigwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliushika mwambao wa ziwa. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914; Wabelgiji waliuteka mji mwaka 1916 na kuushikilia hadi 1921; na Mwingereza alipokabidhiwa aliyatazama magharibi ya Tanganyika kama ghala la wafanyakazi. Vijana wa Buha walipanda treni kwenda mashamba ya mkonge kuwa manamba, na tangu 1944 shirika la wenye mkonge, SILABU, likaifanya kazi hiyo ya kuwakusanya kwa utaratibu mkubwa zaidi. Aliyebaki nyumbani kuchunga, kufyeka na kuchoma kwa wakati wake ni mzee na mwanamke mwenye mtoto mgongoni.

Hapo ndipo kilipotokea kitu ambacho wanaosema majani ni kovu la shoka hawawezi kukieleza. Mifugo ilipopungua na mikono ilipoondoka, nchi nyingi haikupona. Vichaka vilirudi, na ndani ya vichaka akarudi mbung'o, na pamoja na mbung'o malale. John Ford mwaka 1971 na Helge Kjekshus mwaka 1977 waliandika vitabu viwili vilivyoibadili historia hii. Walionyesha kwamba watu wa bara, kwa makazi, mifugo, kilimo na moto wao, walikuwa wamemzuia mbung'o kwa vizazi vingi, na kwamba msiba wa miaka ya 1890 na utawala wa kigeni ndivyo vilivyomfungulia mlango. Wapo waliosema Kjekshus ameipamba mno Afrika ya kabla ya wakoloni, nami naona wana haki kidogo. Njaa na vita vilikuwapo. Lakini kiini cha hoja bado kimesimama. Katika miaka ya 1930 Mwingereza aliwakusanya wakazi wa sehemu za Buha katika makazi makubwa ili kuwaepusha na malale. Maisha mengi yaliokolewa, hilo lisemwe. Lakini nchi waliyoiacha nyuma yao ilizidi kuwa ya mbung'o, na baadaye ikaandikwa katika ramani kuwa ni pori ambalo halijapata kukaliwa.

Hapa yafaa tutoke kidogo, twende Marekani, kwa kuwa sheria za moto na malisho husafiri kuliko majani yenyewe. Katika milima ya magharibi ya nchi ile maelfu ya maili yamefunikwa na kichaka cha rangi ya kijivu chenye harufu kali, ambacho ni wa ukoo mmoja na pakanga yetu tunayoipika kwa homa na kikohozi. Kichaka hicho, Artemisia tridentata, kikiungua hufa. Hakichipui tena shinani, na hungoja mbegu. Zaidi ya hayo, majani ya kigeni yaliyoletwa huko katika karne ya 19 yameyafanya makaazi yake yaungue mara kwa mara kuliko zamani. Mwenye kukihifadhi ana haki ya kuuogopa moto. Mtu huyo akija Kasulu na hofu yake ileile, akauzima kila moto kwa miaka kumi, atarundika majani makavu mpaka siku itakapotokea cheche moja ya Septemba. Moto hauna tabia moja duniani. Huazima tabia kwa yale unayoyaunguza.

Baada ya Uhuru hatukuwa wepesi wa kujifunza. Operesheni Kigoma ilianza mwaka 1972, miongoni mwa operesheni za mwanzo za vijiji nchini, na watu wengi wa milimani waliokaa nyumba mbalimbali, kila mmoja na shamba lake la migomba, waliteremshwa kwenye vijiji vilivyonyooshwa kando ya barabara, wengi katika nchi ya miombo iliyo chini. Nia ilikuwa shule, zahanati na maji, na katika sehemu nyingi vilipatikana. Lakini ujuzi wa mwaka, wa lini kilele gani kichomwe na kipi kiachwe, haukuwa na mahali pake katika fomu zilizojazwa. Miombo ya chini ilifyekwa kwa haraka, na majani ya juu yakaachwa kwa moto usio na mwenyewe. Baadaye, baada ya kuuawa kwa Rais Ndadaye wa Burundi Oktoba 1993 na kwa vita vya Kongo vya 1996, wakimbizi waliingia mkoani kwa mamia ya maelfu. Kuni zao nazo zilitoka katika miti hiyohiyo. Sensa ya 2022 iliwahesabu wakazi wa Mkoa wa Kigoma kupita milioni 2.4.

Gombe iliyo karibu na mji, hifadhi ya taifa tangu 1968, ni kama kioo cha kujitazamia. Picha za setilaiti zilizolinganishwa tangu miaka ya 1970 zinaonyesha kwamba nje ya mpaka wake miti imepungua mno, na ndani, moto ulipodhibitiwa, msitu umezidi kusogea kwenye sehemu zilizokuwa wazi. Sokwe amefaidika, na hakuna wa kumnyima. Ila tukubali kwamba kisogeacho kinasogea juu ya kitu, na kwamba kitu hicho kilikuwa na maua yake na ndege wake. Nyanda za Kusini zimeionja habari hii kwa namna mbili. Huko Mufindi, misonobari ya Sao Hill, shamba la miti la serikali lililo kubwa kuliko yote, imepandwa kwa sehemu kubwa juu ya majani ya milimani yaliyohesabiwa kuwa ni nafasi tu. Huko Kitulo, mwaka 2005, Taifa lilitangaza hifadhi kwa ajili ya majani na maua yenyewe, na wageni hulipa kwenda kuyaona. Kigoma bado haijaamua. Kila siku ya kupanda miti miche hupelekwa vilimani palipo peupe, na tangu 2018, ulipoanza mwito mpya wa kilimo cha michikichi, jembe limezidi kuyatazama mabonde. Naunga mkono mchikichi. Siungi mkono mche upandwao mahali kwa sababu tu aliyepanda hakujua jina la alichokuwa akikanyaga.

Kusini zaidi, baada ya saa nyingi za mashua kutoka Kigoma, iko milima ya Mahale, na kilele chake Nkungwe chenye mita 2,460 hivi. Huko yote niliyoyaeleza yapo mahali pamoja: msitu wa ufukweni, mianzi, miombo, msitu wa milimani, na juu kabisa majani. Ni nchi ya Watongwe. Walikaa vijiji vidogo vidogo, wakilima kwa kuhamahama, na Nkungwe ulikuwa mlima wa mizimu yao. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Toshisada Nishida aliyeanza kazi Kasoje mwaka 1965, na Makoto Kakeya aliyeyachunguza maisha ya Watongwe wenyewe, waliwakuta bado wanakaa milimani na waliandika habari zao pamoja na za mimea waliyoijua kwa majina na kwa kazi. Katika miaka ya 1970 Watongwe waliingizwa katika vijiji vya ufukweni, na mwaka 1985 Mahale ikatangazwa hifadhi ya taifa, yenye kilomita za mraba 1,600 na ushei. Mashamba yao yakaota vichaka, na vichaka vikawa msitu mchanga. Lakini miembe, mipera na milimau waliyoipanda ilibaki imesimama katikati ya mwitu, ikionyesha palipokuwa na ua, palipokuwa na njia. Kwa muda sokwe waliipita matunda yake bila ya kuyagusa, kwa kuwa hayakuwa chakula wakijuacho. Katika miaka ya 1980 watafiti wakaandika kwamba wameanza kuyaonja.